Kabla Mkono Haujapanda

Novemba 9

Bang Saparudin ameondoka na boti ya saa mbili asubuhi. Mkono wa kulia umefungwa bendeji nene kama mkate wa boflo, mfuko begani, tiketi ameing'ata mdomoni kwa sababu hakutaka nimshikie. Dabo si mbali, saa nne tu za bahari. Lakini pepo za kaskazini zimeanza, na zikishika kasi boti husimama hata wiki nzima.

Nilimwambia, "Bang, ngoja msimu upite."

Akasema, "Mama ananisubiri."

Miaka kumi na tisa ya ndoa, na mume wangu anakimbilia kwa mama yake. Nilibaki gatini kama mzigo usio na mwenyewe. Daftari hili nalianza leo kwa sababu sina wa kugombana naye nyumbani, na mimi nisipogombana naugua.

Novemba 10

Niandike mapema, kabla wengine hawajaandika uongo wao.

Oktoba 27, saa nne asubuhi, katika yadi yetu ya kuunda meli. Tulikuwa tunanyanyua bamba la chuma la tani sita, la ubavu wa tishari. Mimi nilikuwa kwenye kibanda cha kreni namba tatu, mita thelathini na nane juu ya ardhi. Yeye alikuwa chini, mtoa ishara wangu kwa miaka kumi na mmoja. Mkono ukapanda, nikanyanyua. Waya ukaruka na kukaza upande mmoja, ukambana vidole kwenye ukingo wa bamba. Vitatu vilikatika palepale.

Waya ulikuwa mbovu. Kila miezi mitatu waya zote za kunyanyulia hukaguliwa, zikafutwa rangi ya zamani na kupakwa rangi mpya. Usio na rangi ya msimu haugusi kulabu. Sheria nzuri sana kwenye karatasi. Oktoba mosi Parlindungan wa stoo alizipaka waya mia mbili na arobaini rangi ya kijani kwa alasiri moja.

Nimesoma taarifa za ajali za viwandani za nchi nyingi. Zote zina mhusika mkuu mmoja: mfanyakazi mzembe. Hii haitakuwa mojawapo.

Novemba 12

Mvua. Hakuna kunyanyua.

Novemba 14

Nimebandika makala yangu kwenye ubao wa chama cha wafanyakazi. Kichwa chake: "Rangi Haishiki Mzigo". Kurasa tatu. Saa ya chakula Parlin alikuja na sahani yake ya wali na samaki, akaketi mbele yangu bila kukaribishwa.

"Kak Yus, ubao wote umekuwa wako. Tangazo la voliboli limekosa pa kukaa."

"Libandike kwenye kopo lako la kijani. Halina kazi nyingine ya maana."

"Nilikagua."

"Waya mia mbili na arobaini, kati ya sala ya adhuhuri na alasiri? Wewe ni mkaguzi au mpaka chokaa?"

"Mimi sisali adhuhuri, mimi ni Mbatak, Mkristo. Nilikuwa na muda zaidi." Meza nzima ikacheka. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, "Bang Apar akiwa hayupo, ulimi wako hauna breki."

Sikucheka. Ni kweli mume wangu alikuwa breki yangu. Alikuwa akigusa kiwiko changu kwa kidole kimoja chini ya meza, nami naiacha sentensi katikati.

Novemba 17

Wamenipa mtoa ishara mpya. Kuncoro, kutoka kisiwa cha Jawa, miaka arobaini na kitu, shati limechomekwa vizuri kama anaenda harusini. Ishara zake ni zile za kitabuni, mkono umenyooka, kidole kimenyooka, na kati ya ishara moja na nyingine anasubiri mpaka nahisi nywele zangu zinaongeza mvi.

Mzigo wa kwanza nilianza kuvuta. Redio ikalia, na kila mtu yadini akasikia:

"Bu Yus, naomba usubiri mkono wangu."

Naomba! Miaka kumi na mmoja juu ya kreni hii, na mtu wa jana ananiomba.

Mimi na Bang hatukuhitaji redio. Bega lake la kushoto lilipogeuka nilijua mkono unafuata, na kabla haujafika juu mzigo ulikuwa umeshaacha ardhi. Ofisa wa usalama, Pak Wibisana, alikuwa akileta wageni kututazama. "Hawa wawili hawasemezani," aliwaambia, "wanahisiana." Parlin alituita ndoa ya kreni. Hakuna waliofanya kazi kwa haraka kama sisi katika kisiwa hiki cha Batam.

Novemba 18

Kuncoro amenisimamisha mara nne. Nilichomjibu hakifai kuandikwa.

Novemba 23

Nimepiga simu Dabo. Amepokea mama mkwe.

"Yuko ufukweni."

"Amekula?"

"Anakula kwa mkono wa kushoto. Kijiko kinamshinda, lakini ukimlisha anaondoka mezani."

"Mwambie nimepiga."

"Anajua, mwanangu. Simu ilipolia ndipo alipotoka."

Watu wengine huwakumbuka waume zao kwa sura. Mimi namkumbuka kutoka juu. Kwa muda wa saa nane kila siku nilimwona kama kofia ya njano na mkono mmoja. Ule mkono naujua kuliko uso wake. Najua ulivyokuwa asubuhi baada ya kugombana, umekakamaa kama wa askari. Najua ulivyokuwa siku ya mshahara. Kuna siku ya mvua kidole chake cha shahada kilizunguka kuashiria panda, kisha kikazunguka mara moja zaidi bila sababu ya kikazi, nami nikacheka peke yangu kibandani mpaka kioo kikapata ukungu.

Kidole hicho ni kimoja cha vile vitatu.

Novemba 24

Upepo. Boti zimesimama.

Novemba 30

Siku ya saba bila boti. Leo nilikwenda gatini hata hivyo, nikanywa chai ya barafu, nikarudi. Watu wazima hufanya ujinga wao kwa utaratibu.

Desemba 4

Ushindi. Nilimvamia Pak Wibisana ofisini. Mwezi uliopita nilimwita ubaoni "mlinzi wa mafaili", na leo amenimiminia chai kwa mkono wake. Watu wapole hunikera. Huwezi kuwagonga bila kujiona mshenzi.

"Bu Yus, tufanye hivi. Mkaguzi wa idara ya kazi anakuja Januari. Waya ule nimeufungia kabatini tangu siku ile. Utavutwa kwenye mashine mbele yake, na mbele yako."

"Na ukikatika?"

"Ukikatika, nitasema umekatika."

Sikutarajia iwe rahisi namna hiyo. Nilikuwa na hoja nane zaidi, zikabaki mdomoni. Nilipoinuka akagusa faili lililokuwa mezani.

"Umesoma maelezo ya mumeo? Aliyoyatoa hospitalini?"

"Ya nini? Nilikuwepo."

Akalifunga faili polepole.

Desemba 11

Leo nataka kuandika kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi, upepo ulikuwa wa kufanyia kazi, chini ya alama nyekundu kwenye kipimo. Mzigo ulikuwa fungu la mabomba. Wafungaji wawili walivisha waya, mmoja akarudi nyuma, wa pili akawa bado ameinama upande ambao sikuutazama. Kuncoro alisimama mahali pake. Nikamtazama. Bega lake la kushoto likageuka.

Nikavuta.

Sikufikiri. Mkono wangu uliujua mshikio kabla mimi sijaujua. Waya uliokuwa umelegea ukaanza kunyooka, na Kuncoro akatupa mikono yote miwili pembeni kama mtu anayetaka kuzuia gari moshi. Simama! Nikasimama. Kule chini yule mfungaji akachomoa mkono wake kati ya waya na bomba, akautazama, akaugeuza, akautazama tena. Glovu ilibaki imebanwa. Mkono ulitoka mzima.

Kuncoro safari hii hakutumia redio. Alingoja nishuke ngazi zote. Nilifika chini nikiwa nimeshaandaa vita.

"Bu Yus, ulianza kabla yangu."

"Niliona unageuka."

"Niligeuka, ndiyo."

"Basi!"

"Niligeuka kupiga chafya, Bu."

Alisema bila dhihaka. Hata alionekana kuona aibu, kama vile chafya ilikuwa kosa lake.  Mimi, ambaye wakuu wa idara hunikwepa kwenye korido, nikageuka nikapanda ngazi tena.

Nimekaa jikoni tangu jioni. Oktoba 27 ilikuwa tofauti. Mkono wa Bang ulikuwa unapanda. Nina hakika ulikuwa umeanza kupanda.

Desemba 12

Chafya.

Desemba 16

Boti mbili zimepita, kisha upepo umerudi. Hakuja. Mama mkwe ametuma kwa nahodha unga mkavu wa sago na samaki aliowakaanga mwenyewe. Hakuna barua. Nimekula sago kwa siku mbili ili nyumba inukie Dabo.

Desemba 20

Saa ya chakula Kuncoro alisimama. Hajawahi kusimama mbele ya watu. Alishika kofia yake kama bakuli la sadaka.

"Nina pendekezo dogo. Kila aliyegusa waya arudi nyuma hatua mbili, ainue mikono yote miwili, mitupu. Mwenye kreni ahesabu. Wafungaji wawili, mikono minne. Ndipo mimi nitoe ishara. Na waya wa kusogezwa usogezwe kwa fimbo, si kwa kiganja."

"Mikono juu!" Parlin akapiga kelele, akainua yake na kijiko ndani. "Kama majambazi waliokamatwa! Kuncoro, tutanyanyua mizigo mingapi kwa siku?"

"Pungufu."

"Bosi atakupenda sana."

"Kule nilikotoka," Kuncoro akasema, "tulikuwa na desturi ya kuhesabu kofia. Nilihesabu kofia tatu, zote ziko nje ya hatari, nikatoa ishara. Sikuhesabu mikono."

Akakaa, akaendelea kula.  Parlin akashusha kijiko.

Niliwahi kuandika hapa kwamba mtu huyu anasubiri mpaka napata mvi. Sikujua anasubiri nini. Kumbe kila mara anamwangalia mtu ambaye hayupo.

Niliinuka nikaliunga mkono pendekezo, kwa kelele, kama kawaida yangu. Lakini nilipokuwa nikipayuka kuhusu haki ya mfanyakazi kutunza viungo vyake, nilijisikia kama mpiga ngoma kwenye msiba nilioshiriki kuusababisha. Kwa nini nimeandika hivyo? Sitalifuta.

Desemba 25

Parlin amepanda ngazi zote za kreni namba tatu akiwa na keki ya Krismasi ndani ya sufuria. Ana miaka hamsini na nne na tumbo la mtu wa stoo. Alifika akihema kama mbuzi wa sadaka.

"Kula, Kak. Nikifa hapa usiandike makala."

Tukala tukitazama mvua ikija kutoka baharini. Alipomaliza akajifuta mdomo.

"Nataka kusema kitu, na usinitukane mpaka nishuke. Waya zile za Oktoba sikuzikagua zote. Nyingi nilipaka tu. Hilo uliandika kweli."

"Najua."

"Lakini ule wa kreni yako niliukagua. Uzi kwa uzi, na kitambaa, kama kawaida. Nilianza na ule. Mtu anayetumia ule ni rafiki yangu."

Nikamwambia ni mwongo. Akatikisa kichwa, akachukua sufuria, akashuka. Hakunirudishia tusi hata moja, na hilo ndilo lililonitisha.

Januari 2

Msimu wa rangi ya bluu. Mwaka huu Parlin amekataa kufungua kopo mpaka akague. Mimi nashika taa, Kuncoro anaandika.

Januari 7

Siku ya sita ya ukaguzi. Waya thelathini na moja zimekatwa vipande kwa moto ili pasiwe na mjanja wa kuzirudisha kazini. Meneja amekuja kulalamika kwamba kreni mbili zimelala. Parlin akamwambia, "Zimelala, Pak, hazijafa." Nilitaka kumbusu kwenye upara.

Januari 9

Waya umevutwa.

Mkaguzi wa idara ya kazi ni mwanamke kijana kuliko mimi, miwani, sauti kavu. Waya wa Bang ulifungwa kwenye mashine, ukavutwa mpaka mzigo wake halali, kisha mara mbili yake. Ulilia kama mlango wa zamani. Haukukatika. Haukufumuka hata uzi mmoja. Parlin alikuwa amesimama nyuma yangu na sikuthubutu kugeuka.

"Waya ni mzima," mkaguzi akasema, akaandika.

Kisha akafungua faili na kusoma maelezo ambayo mimi nilikataa kuyasoma. Maneno ya mume wangu, yaliyochukuliwa akiwa kitandani hospitalini: "Nilitoa ishara ya kunyanyua kwa mkono wa kushoto wakati mkono wa kulia ulikuwa bado kwenye waya. Kosa ni langu peke yangu."



"Kwa maelezo haya," mkaguzi akaendelea, "itaandikwa ni uzembe wa mtoa ishara, na cheti chake kitafutwa. Mwenye kreni anathibitisha? Bu Yusmaniar, ulipewa ishara?"

Pak Wibisana alinitazama. Kuncoro alitazama viatu vyake.

"Ndiyo," nikasema.

Neno moja. Mimi wa kurasa tatu.

Januari 10

Mkono haukupanda.

Nimeliandika. Daftari halikuungua.

Oktoba 27 tulikuwa tumegombana asubuhi, jambo dogo, pasi iliyochoma shati. Nilikuwa na haraka. Bang alikuwa akisogeza waya ukae sawa kwenye kona ya bamba, kwa sababu hatujawahi kupewa fimbo, na kwa sababu kila mzee wa kazi hii hupenda kuusikia waya kwa kiganja. Alikuwa ameinama. Bega la kushoto likageuka. Labda alikuwa akijikaza tu. Labda alitaka kunitazama. Mimi nikajua, kama nilivyojua kwa miaka kumi na mmoja, kwamba sasa ataniambia panda. Nikavuta.

Sijui kama aliwahi kuniambia panda kwanza na mimi nikafuata, hata siku moja, kwa miaka mitano iliyopita. Watu walikuja kutazama kasi yetu wakaita mapenzi. Ilikuwa ni mimi kuacha kumngojea.

Na sasa nimeacha aitwe mzembe, mtu ambaye kile cheti alikitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yetu. Bila cheti hana pa kurudi. Atabaki Dabo akitengeneza nyavu kwa mkono wa kushoto, na mimi nitabaki angani nikiandika makala za haki.

Januari 12

Nilipiga simu mpaka akapokea.

"Bang, kwa nini ulisema uliinua mkono?"

 Nilisikia bahari kwake, na bahari hiyohiyo nje ya dirisha langu.

"Yus, vidole vimeshaondoka. Kwa nini na kreni yako iondoke?"

"Cheti chako—"

"Cheti cha kuinua mkono gani? Huu?" Akacheka kidogo, vibaya. "Wewe ukishushwa pale juu utakufa. Nakujua. Ardhini hupati pumzi."

"Na kwa nini ulinikimbia?"

"Kwa sababu wewe ukinitazama dakika mbili unajua. Siwezi kukudanganya tukiwa chumba kimoja. Sijawahi kuweza."

Nikalia. Akaniacha nilie, hakuwa na kiwiko cha kugusa.

"Usiseme kitu," akasema mwishoni. "Mara moja tu katika maisha yako, Yus. Nyamaza."

Januari 15

Wakubwa watatu wamejaribu kuninyamazisha katika yadi hii, na mmoja alitumia polisi. Hakuna aliyekaribia kufaulu kama mtu huyu, kwa kunipenda.

Januari 16

Mvua. Bado nimenyamaza. Kuncoro ananipa ishara zake ndefu, mikono minne juu, nami nahesabu. Nahesabu kila mmoja kama mdaiwa wa roho.

Januari 19

Nimesema.

Nilimkuta Pak Wibisana akifungua mwavuli uliopinduliwa na upepo. Nilisema nikiwa nimesimama, maji yakinidondoka kwenye zulia lake. Nilianza kabla ya ishara. Sikupewa ishara. Nilimdanganya mkaguzi. Sentensi tatu, sikuongeza kivumishi.

Akaulaza mwavuli mezani.

"Ningeweza kulifunga faili hili, Bu. Mumeo anataka hivyo. Meneja anataka hivyo."

"Najua. Na mimi nilitaka."

"Leseni yako itasimamishwa. Huenda isirudi."

"Najua."

"Wale wageni," akasema, akiutazama mwavuli. "Ni mimi niliyewaleta. Niliona, unajua? Niliona kwamba mzigo unapaa kabla ya mkono. Nikaita kipaji." Akachukua kalamu. "Nitaandika na hilo pia."

Miaka sita nimempiga mtu huyu kwa makala, na sikuwahi kumpiga mahali palipokuwa panamuuma. Alijipiga mwenyewe leo, taratibu, kwa wino mweusi.

Januari 20

Makala yangu ya mwisho kama mwenye kreni ina mistari mitano. Nainakili hapa, kwa sababu nimemtumia Bang picha yake:

"Oktoba 27 mkono wa Saparudin haukupanda. Ni mimi niliyeanza. Waya ulikuwa mzima na Parlindungan aliukagua, namwomba radhi. Kuanzia kesho, kwenye kreni zote, kila aliyegusa waya atarudi hatua mbili na kuinua mikono yote miwili, na hakuna mzigo utakaoacha ardhi kabla haijahesabiwa. Anayedhani anamjua mwenzake kiasi cha kutomsubiri, aje aniulize mimi."

Parlin aliisoma mara mbili. Kisha akatoa tangazo la voliboli mfukoni, akalibandika pembeni yake.

Januari 22

Bang hajajibu.

Januari 29

Boti zimesimama tena. Hajajibu.

Februari 3

Kazi yangu sasa ni kuwafundisha wafungaji. Nasimama pale alipokuwa akisimama yeye, kwenye doa lilelile la zege lililopauka kwa buti zake. Leo, mzigo ulipokuwa ukitayarishwa, niliinua macho kutazama kreni namba tatu.

Kutoka chini huoni mtu. Unaona kioo, na kwenye kioo jua. Hakuna uso, hakuna kichwa, hakuna mkono. Miaka kumi na mmoja mimi nilimwona yeye. Yeye hakuniona hata siku moja. Alikuwa akiinulia mkono mng'ao wa jua na kuamini kwamba nyuma yake kuna mtu anayemngoja.

Nilibaki nimeinua shingo mpaka Kuncoro akaniita.

"Bu Yus? Mikono."

Nilikuwa nimegusa waya. Nikarudi hatua mbili, nikainua.

Februari 8

Barua kutoka idara ya kazi. Maelezo ya Saparudin yamewekwa kando. Cheti chake kipo. Leseni yangu imesimamishwa miaka miwili, kisha nitatahiniwa upya kama mwanafunzi. Nilimtumia ujumbe: "Cheti chako kimesalimika. Mimi napumua ardhini, kwa shida. Sitakupigia tena. Nitangoja." Imeniuma kuandika neno hilo la mwisho kuliko barua yenyewe.

Februari 9

Nimengoja.

Februari 10

Vivyo hivyo.

Februari 13

Upepo umegeuka. Bendera ya ofisi ya bandari inalala kwenye mlingoti.

Februari 15

Mama mkwe amepiga simu. "Amefunga mfuko wake. Hakusema anakwenda wapi. Amenyoa ndevu kwa mkono wa kushoto, amejikata mara tatu."

Februari 16

Boti ya Dabo ilifunga kamba saa nane mchana. Bahari ilikuwa bapa kama bamba.

Watu wakaanza kushuka na maboksi yao, kuku, watoto waliotapika. Yeye alikuja nyuma ya wote. Akasimama juu kwenye daraja la boti, mfuko begani, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa suruali. Alikuwa amekonda. Kidevuni alikuwa na vipande vitatu vya plasta.

Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kukimbia. Nilijua angesema nini, nilijua atakavyokunja uso, nilikuwa na majibu yake yote tayari, hata ya yale maneno "nilikuambia unyamaze". Bega lake la kushoto likageuka.

Sikusogea.

Mpagazi mmoja akanisukuma na boksi, "Mama, unapanda au hupandi?" Sikumjibu. Nilikuwa nimeinua macho, nangoja, na jua lilikuwa nyuma yake kiasi kwamba uso wake sikuuona vizuri.

Akauweka mfuko chini. Akarudi nyuma hatua mbili. Akatoa mkono wa kulia mfukoni, polepole, kama mtu anayetoa kitu ambacho hajawahi kumwonyesha mtu, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa chake, mitupu.

Nikahesabu. Mikono miwili. Vidole saba.

Ndipo nikaenda.